Mtungi wangu umefanana na wa mwingine: nimeiba au nimejifunza?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mfinyanzi mwenye umri wa miaka 34, ninaishi Uyole, Mbeya. Kazi hii nilifundishwa na bibi mzaa mama, Mkisi wa Ikombe, kule ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwake kila likizo, na siku za Jumamosi tulipanda mtumbwi tukaenda kuuza vyungu kwenye gulio la Lyulilo, jirani na Matema. Bibi alifariki miaka sita iliyopita akaniachia kokoto lake la kusugulia, ambalo upande mmoja limelika hadi limekuwa bapa kama kipande cha sabuni kilichobaki kwenye karai. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba kiasi kwamba ukivigonga kwa ukucha vilijibu.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu alinionyesha kwenye simu picha za mitungi ya Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya anayeishi Uingereza. Usiku ule sikulala. Mitungi ile haina nakshi wala mapambo; ni tumbo lililojaa, shingo ndefu inayoegemea upande kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili, na mdomo uliokunjuka. Nilihisi kwamba nilishaiona kwa bibi, ingawa bibi hakufinyanga kitu kama kile hata siku moja.

Nikaanza kujaribu. Katika kila mitungi minne, mitatu hupasuka shingoni ikiwa bado inakauka, na ule unaosalimika nikiuchoma kwa moshi ili uwe mweusi hutoka na madoa ya kijivu. Mwaka jana mmoja ulitoka vizuri. Niliupeleka kwenye duka la vinyago mjini, ukanunuliwa siku hiyohiyo. Mnunuzi hakuuliza kitu, nami sikusema kitu. Mwezi uliopita mwenye nyumba moja ya wageni alikuja kwangu, akautazama mtungi mwingine, akatoa simu yake na kunionyesha picha ileile niliyoanzia mimi. Akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe unaweza kutengeneza za huyu mama! Nitengenezee 12, za mapokezi na za vyumbani." Yeye alikuwa ananisifu, lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama mdogo, ambaye bado anafinyanga Ikombe, amenikasirikia kwa sababu nyingine. Anasema nimewatupa wazee wangu na kufuata vya Wazungu. Nilipomweleza kwamba Odundo si Mzungu, akaniuliza kama mtungi wake unateka maji.

Shangazi, je, nimeiba? Nipokee oda hiyo, ambayo ingelipa ada ya binti yangu ya muhula mzima? Na nifanyeje ili nitazame kazi za wafinyanzi wenzangu bila mikono yangu kugeuka mashine ya kunakili?

Mfinyanzi wa Uyole

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lililo chungu ili tulimalize. Kukaa na picha ya mtungi wa Odundo na kujaribu kuufinyanga si wizi, hata ungejaribu mara mia. Kosa lako ulilifanyia dukani, pale ulipoupeleka mtungi ule kuuzwa ukanyamaza, huku ukijua kwamba umbo lake, kuanzia kitako hadi mdomo, lilitoka katika kazi ya mtu mmoja aliye hai. Mnunuzi hakuuliza kwa sababu hakujua kwamba kuna swali la kuuliza, na wewe uliyejua ndiye uliyepaswa kusema. Aibu iliyokupata mbele ya yule mwenye nyumba ya wageni haikuwa ya bure, na ninafurahi kwamba uliisikia, kwa maana wapo wasioisikia kabisa.

Baada ya hapo, hebu tumtazame mwenyewe uliyemwiga, maana naona umeitazama mitungi yake sana kuliko njia iliyomfikisha kwenye mitungi hiyo. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na utoto wake aliupitisha huko, Delhi na Mombasa. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kwa ajili ya masomo ya michoro ya biashara, na ni huko ndiko alikougeukia udongo. Lakini hakubaki darasani. Katikati ya miaka ya 1970 alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja (mji ambao siku hizi unaitwa Suleja), akajifunza kwa wanawake waliokuwa wakifinyanga kwa mkono bila gurudumu, mmoja wao akiwa Ladi Kwali. Baadaye alifika San Ildefonso, katika jimbo la New Mexico, Marekani, kwenye kijiji cha Maria Martinez, bingwa wa vyombo vyeusi vinavyong'aa. Kwa hiyo ule weusi ulioupenda kwenye simu ya binti yako una wajomba na mashangazi wengi, tena wa mabara mbalimbali.

Ladi Kwali naye ana kisa chake. Alizaliwa katika kijiji cha Kwali, miongoni mwa Wagwari, ambao wanawake wao hufinyanga balasi kubwa za maji kwa kuzunguka kinyumenyume huku chombo chenyewe kimetulia chini. Mwaka 1954 alijiunga na kituo kile cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, aliyekuwa mwanafunzi wa Bernard Leach, ambaye naye ufinyanzi aliujifunza Japani. Angalia mnyororo ulivyo mrefu! Pale kituoni Ladi Kwali alifundishwa kutumia gurudumu na kuvisha vyombo ile ngozi ya kioo inayoyeyuka kwenye tanuri la moto mkali. Alivyofundishwa alivipokea, lakini kazi zilizompa jina zilibaki zilezile balasi za kwao, zilizofinyangwa kwa mkono na kuchanjwa picha za mijusi, nge, mamba na ndege, isipokuwa sasa zilivikwa kioo cha wageni na kuchomwa katika tanuri la wageni. Leo ukishika noti ya naira 20, picha yake ipo mgongoni.

Maria Martinez alianzia mbali zaidi, alianzia kwenye vigae. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanaakiolojia Edgar Lee Hewett, aliyekuwa akichimba makazi ya kale ya eneo lile, alimletea vipande vya vyombo vilivyozikwa akamwomba afinyange vyombo kamili vya namna hiyo. Hapo aliagizwa kunakili waziwazi, kama wewe unavyoagizwa sasa. Yeye na mumewe Julian walijaribu mioto na kinyesi cha mifugo mwaka baada ya mwaka, hadi ilipofika mwaka 1919 hivi walikuwa wamepata kitu ambacho hakikuwamo katika kigae chochote cha Hewett: mchoro mweusi usiong'aa juu ya chombo cheusi kinachong'aa. Walitumwa kurudisha cha kale, wakarudi na kipya.

Sasa soma tena barua yako. Wewe ulianza na picha moja ya mtungi mmoja wa mtu mmoja, ukaishia hapohapo. Anayeteka kisima kimoja tu, jirani wote wataijua ladha ya maji yake, na ndiyo maana mwenye nyumba ya wageni alikutambua kwa sekunde. Odundo aliteka visima vingi, na jambo ninalomheshimia zaidi ni kwamba hakuvificha. Mwaka 2019, katika maonyesho yake kwenye jumba la Hepworth Wakefield huko Uingereza, aliiweka mitungi yake pamoja na vyombo vya kale vya Wamisri na Wagiriki, vya Afrika na Asia, na kazi za wachongaji na wafinyanzi wengine, ili kila anayeingia aone alikotoka na alikotazama. Mtu asiyejiamini hawezi kufanya hivyo.

Kuhusu mikono yako, nitakupa kazi ninayowapa wanafunzi wangu. Mchore Odundo kutoka kwenye picha, mara kumi au zaidi, kwa penseli, hadi uchoke. Kisha simu ikae kabatini wiki nzima, na baada ya wiki hiyo uchore tena mtungi huohuo kwa kukumbuka tu. Mchoro wa pili utakuwa na makosa. Yale yaliyosahaulika ni yake, na yale yaliyong'ang'ania, pengine ni jinsi bega linavyojaa kabla ya kuingia shingoni, au ni ule mdomo, ndiyo yaliyokugusa wewe kwa sababu zako mwenyewe. Finyanga kutoka kwenye mchoro huo wenye makosa. Nakala kamili nazo zifinyange ukipenda, kwa kujifunza, kwa sababu hakuna njia nzuri zaidi ya kuelewa mkono wa fundi kuliko kuufuata kwa mkono wako; ila nakala ikikamilika ivunje, uisage, uichanganye kwenye udongo kama chenga. Itakufaa zaidi hivyo kuliko dukani.

Tena picha ya simu ni mwalimu dhaifu. Haina uzito wala mgongo, na huwezi kuingiza vidole ndani ya mdomo wa chombo kusikia ukuta unavyokonda. Siku moja nenda Lyulilo Jumamosi bila kitu cha kuuza. Shika vyungu vya wanawake watano, ukipitisha dole gumba kwenye mdomo wa kila kimoja, na utashangaa kwamba hata hao wanaosemwa wanafinyanga "kitu kilekile" wana miandiko mitano tofauti. Ukipata safari ya Dar es Salaam, ingia Makumbusho ya Taifa uvitazame vyombo na vigae vya Kilwa, na popote utakapokutana na vile vigae vya pwani vilivyochanjwa pembetatu, vya kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi, inama uvione kwa karibu. Chanjo zile zilifanywa kwa kijiti au ncha yoyote iliyokuwa jirani, kwenye udongo uliokuwa bado na unyevu, na ukitazama vizuri utaona mahali ncha ilipoingia kwa nguvu na mahali ilipoteleza.

Nije kwenye shingo zinazopasuka, ambako ndiko ninakoona tumaini lako lilipo.

Kwanza upande wa ufundi. Shingo nyembamba hukauka upesi kuliko tumbo, na inapokauka hujivuta. Tumbo lililo na maji bado halijivuti, basi panapokutana pale panachanika, hasa upande wa nyuma, unaovutwa na uzito wa shingo inayoegemea. Usiiinue shingo yote kwa siku moja. Liache tumbo likauke kiasi cha kushika umbo, ukingo wake ukiwa umefunikwa kwa mfuko wa nailoni uliolowana, kisha ongeza pindi moja la udongo, subiri, ongeza jingine. Shingo ikikamilika, ifunike yenyewe na uache tumbo wazi, ili vyote viwili vifike mwisho pamoja. Na chenga za vigae vilivyosagwa ziongezwe kidogo kwenye udongo wa shingo.

Hayo yatapunguza hasara, lakini hayataimaliza, kwa sababu udongo wako wa Mbeya si udongo anaoutumia Odundo, na kuna mwinamo utakaoukataa kila mara. Nakuomba usikasirike nao. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Iraki walipendezwa mno na bakuli nyeupe zilizokuwa zikiletwa na meli kutoka China. Walitaka kuziiga, lakini hawakuwa na ule udongo mweupe wala tanuri za moto mkali kiasi kile. Waliposhindwa, waliweka madini ya bati katika ngozi ya kioo ili iwe nyeupe, wakafunika nayo udongo wao wa kawaida, na juu ya weupe huo wakachora kwa buluu ya kobalti. Karne kadhaa baadaye Wachina wenyewe wakawa wanaagiza kobalti kutoka Uajemi ili wachore buluu kwenye nyeupe yao, na katika karne ya 17 Waholanzi wa Delft wakawa wanawaiga Wachina, wakitumia bati vilevile. (Bakuli za China, kwa taarifa yako, wazee wa pwani walizipenda hadi wakazipachika kwenye nguzo za makaburi yao, kama pale Kunduchi.) Yote hayo yalitokana na udongo uliogoma.

Basi finyanga shingo yako uiinamishe taratibu hadi pale udongo unapoanza kulalamika, kisha urudi nyuma kidogo, uiache hapo. Mwinamo huo hautakuwa wa Odundo. Utakuwa mdogo zaidi, pengine utaonekana kwako kama woga, lakini uutazame kwa siku kadhaa kabla ya kuuhukumu, ukikumbuka kwamba una kitu cha kuuambatanisha nao, yaani ule wembamba wa bibi yako uliojibu kwa ukucha. Katika barua yako nzima hicho ndicho chombo nilichotamani kukiona zaidi, na hukusema hata mara moja kwamba umejaribu kukifinyanga tena tangu alipofariki.

Hapo ndipo ninapomrudia mama yako mdogo. Aliuliza kwa hasira kama mtungi ule unateka maji, nawe ukalichukua swali kama tusi. Mimi nadhani amekupa swali bora kuliko yote uliyoniuliza. Mitungi ya Odundo haitekewi maji. Imefinyangwa itazamwe, na shingo yake huegemea kwa sababu mwenyewe anaufikiria mwili wa binadamu anapoifinyanga. Hiyo ni sababu yake. Ya kwako iegemee kwa sababu gani? Labda kwa ajili ya kumimina, ili mtu mmoja aweze kuuinamisha mtungi mzito bila kumwaga. Labda kwa ajili ya kata kuingia bila kugonga ukingo. Mpelekee mama mdogo mtungi wa namna hiyo ukiwa umejaa maji, umwombe aukosoe. Kuhusu kuwatupa wazee, mweleze kwa adabu kwamba na bibi alifinyanga kwa kumwiga mama yake, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa aliyemwiga alikuwa ameketi naye jamvi moja. Wewe umeketi mbali na uliyemwiga, na ndiyo sababu unawajibika kumtaja kwa sauti zaidi.

Oda usiipokee kama ilivyoletwa. Ada ya mtoto si mzaha, na sitakudanganya kwamba heshima hulipa ada, lakini mitungi 12 iliyofinyangwa kwa kufuata picha ya kazi ya mtu aliye hai, kwa biashara, ni jambo ambalo hata sheria haiwezi kulifumbia macho: Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimzuii mtu kutumia wazo au mbinu ya mwingine, ila inailinda kazi yenyewe. COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wanaweza kukufafanulia ukiwauliza. Zaidi ya hapo, ukishakabidhi mitungi hiyo utakuwa umejulikana Mbeya nzima kama "yule anayetengeneza za huyu mama", na jina la namna hiyo halifutiki upesi.

Mwombe mwenye nyumba ya wageni wiki tano. Mpelekee mitungi mitatu: mmoja wa shingo iliyokubaliwa na udongo wako, mmoja wa wembamba wa bibi, na wa tatu utakaoujua mwenyewe. Mwambie hivi: "Ule uliouona nilikuwa najifunza kwa kazi ya Magdalene Odundo, na hiyo si yangu kuuza. Hii ndiyo yangu, na bei yake ni hii." Wengi hupenda kuwa na kitu ambacho mgeni hawezi kukitambua kutoka kwenye simu. Akikataa, mpe bei ya vyungu vya kawaida vya mapishi na vya maua, na akikataa hata hivyo, utakuwa umepoteza fedha za kweli, nami sina cha kukufuta machozi katika hilo. Duka la vinyago nalo lipitie. Waeleze kuhusu mtungi ule wa mwaka jana ili mnunuzi akirudi aambiwe, na mtungi wowote utakaouza ambao bado una damu ya Odundo ndani yake, uwekee kikaratasi kinachosema hivyo kwa jina lake.

Nimalizie na yale madoa ya kijivu, ambayo nadhani ni suala la pupa. Weusi huja pale moto unaponyimwa hewa: masizi ya moshi yanaingia kwenye vinyweleo vya udongo, na ile chuma iliyomo, ambayo kwa hewa ya kutosha ingekuwa nyekundu, inageuka rangi. Odundo huchoma mara mbili; moto wa kwanza wenye hewa humpa rangi ya machungwa, na ule wa pili, mtungi ukiwa umefungiwa pamoja na vipande vya mbao, humpa weusi. Wewe unayechomea uani, subiri hadi mtungi uwe umeiva, kisha uufukie kwa samadi kavu ya ng'ombe iliyopondwa laini, au unga wa mbao, na juu yake majivu, ukizunguka kuziba kila mahali moshi unapotokea. Moshi ukitoka, hewa inaingia. Halafu uondoke. Ukifukua jioni ili uchungulie, chombo kikiwa bado cha moto, hewa itakipata na weusi utaungua kwa mabaka, na hayo ndiyo madoa yako. Fukua kesho yake, mkono ukiweza kugusa. Wala usiuzidishe moto ukidhani utapata weusi zaidi, maana mng'ao ulioupata kwa kokoto la bibi hufa kwenye moto mkali.

Ukifanya hayo na madoa yakatokea tena, nitumie kigae kwa basi. Picha usinitumie.